Mia tano ya barabarani: utetezi wa anayetoa

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, siku hizi kuna kauli iliyokuwa kama sheria: usimpe pesa anayeomba barabarani, utamzoeza. Utaisikia kwenye teksi inayotoka Birere, kwa wauza mitumba wa soko la Virunga, na hata kanisani baada ya ibada, watu wakiwa bado wamesimama mlangoni wakiagana. Wanaoisema si watu wenye roho mbaya. Wengi wao wamelaza sebuleni ndugu waliokimbia vita Masisi au Rutshuru, wanalisha watoto wasiowazaa, na fungu lao la likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu, hawalikosi hata wiki moja. Watu wa namna hiyo hawahitaji kuhubiriwa huruma. Wana hoja, na hoja hujibiwa kwa hoja.

Wanasema hivi: pesa ya bure inaua nguvu ya kutafuta, na kwa kawaida inaishia kwenye kanyanga, pombe kali ya kienyeji. Anayetaka kusaidia kweli apeleke mchango wake parokiani au kwenye shirika, kwa watu wanaojua nani anahitaji nini. Tena kila noti ya franka mia tano inayotolewa pale kwenye mzunguko wa Rond-point Tshukudu inamwita mwombaji mwingine aje kesho asimame palepale.

Mimi naona wamekosea sehemu kubwa. Kwa habari ya watoto nitawapa haki yao, pengine zaidi ya wanavyodai wenyewe. Lakini kwa mtu mzima, kauli hiyo imetungwa kwa ajili ya mji mwingine, mji ambao mtu akinyimwa hapa ana mlango wa kugonga pale. Yaliyotokea hapa tangu Januari 2025 msomaji anayajua, sina haja ya kuyasimulia: mji kuingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, benki kufunga milango, uwanja wa ndege kunyamaza. Februari kambi za waliokimbia vita pembeni mwa mji, Bulengo, Lushagala na nyinginezo, zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi kwao. Na majuma hayohayo Marekani, ambayo mwaka 2024 ilibeba takriban asilimia 70 ya fedha za misaada ya dharura nchini Kongo, ikasimamisha misaada yake. Kwa hiyo unapomwambia mama aliyetoka kambini kwamba kuna wahusika wa kumsaidia, ni haki akuulize ni wahusika gani. Wako wapi? Ofisi yao inafunguliwa saa ngapi? Akiuliza kuhusu serikali nako utajikuna kichwa. Swali la serikali ipi, hapa kwetu, si la mzaha.

Tuje kwenye uvivu. Anayetaka kujua kama mlemavu wa Goma anapenda kuomba kuliko kufanya kazi, akasimame asubuhi moja Petite Barrière, pale tunapopakana na Gisenyi ya Rwanda. Kwa miaka mingi watu waliopooza kwa polio utotoni, au waliokatwa miguu, wamekuwa wachukuzi wa mpaka huo. Baiskeli zao za magurudumu matatu zinaendeshwa kwa mikono, na mzigo unapangwa mbele na nyuma mpaka mwenye baiskeli anabaki kichwa tu: magunia, madebe ya mafuta, vikapu vya nyanya. Vijana wawili wanasukuma nyuma, yeye anazungusha na kupiga kelele apishwe. Ni kazi ngumu kuliko ya wengi wetu tunaowaita wavivu. Machi 2020 mpaka ukafungwa kwa ajili ya korona, na kazi hiyo ikakatika siku moja. Je, mtu wa namna hiyo, akionekana mwezi unaofuata mbele ya duka mkono umenyooka, ni mkono wa nani uliomzoeza kuomba? Tangu 2022 nchi ina sheria nzuri ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, ile ya tarehe 3 Mei, na kabla yake tayari Kinshasa kulikuwa na waziri wa mambo yao. Sheria ipo kwenye karatasi. Baiskeli ikivunjika ekseli, fundi anataka pesa.

Kuhusu kanyanga nataka kukawia kidogo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapojiona wamemaliza mabishano. Mwaka 2014 wachumi wawili wa Benki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, walikusanya tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kuhusu maskini waliopewa pesa taslimu, wakatazama kitu kimoja tu: je, pombe na tumbaku ziliongezeka? Karibu kila mahali hazikuongezeka, na pengine zilipungua. Utasema hao ni wanavijiji wenye nyumba zao, si watu wa balabala. Sawa. Basi twende Monrovia. Huko Liberia, Chris Blattman na wenzake walichukua wanaume 999 ambao hakuna mama Goma angetaka wapite mbele ya kioski chake: wezi wa mifukoni, wauza bangi, vijana waliokulia kwenye vita na wanaolala popote. Kwa bahati nasibu, baadhi walipewa dola 200 mkononi, bila sharti. Mji mzima ungeapa kwamba pesa hiyo ingeisha kwa ulevi ndani ya siku tatu. Haikuwa hivyo. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye chakula, nguo, madeni na biashara ndogondogo.

Lakini nisiifiche sehemu ya pili ya habari hiyo, maana ndiyo inayowapa wapinzani wangu pumzi. Pesa peke yake haikudumu. Baada ya mwaka mmoja waliopewa dola bila kingine chochote walikuwa karibu palepale. Wengine viduka vyao viliibiwa, kama viduka vya barabarani vinavyoibiwa kila mahali. Waliobadilika kwa muda mrefu ni wale waliopata pesa pamoja na majuma nane ya kukaa na washauri, wakifundishwa kuzuia hasira na kujiona watu tofauti. Miaka kumi baadaye, kundi hilo bado lilikuwa limepunguza uhalifu kwa karibu nusu. Kwa hiyo ni kweli kwamba mia tano yako haitabadilisha maisha ya mtu. Ila nani alisema kazi yake ni kubadilisha maisha? Ni chakula cha saa saba mchana. Muuza mandazi hatudai mandazi yake yatubadilishie maisha, tunataka yashibishe. Ni maskini tu tunayemtaka aigeuze noti ya leo kuwa mtaji, tena tunamkasirikia asipoweza.

Na hadithi ya mwombaji tajiri, je? Kila mji una wake. Wa kwetu eti ana nyumba za kupangisha mtaa wa Ndosho, ingawa nilipoisikia mara ya kwanza zilikuwa mtaa wa Majengo.

Hoja ya mashirika ni nzito zaidi, nami siidharau. Kuna watu wanaofanya kazi hii vizuri na kwa uvumilivu. Wasalesiani wa Don Bosco Ngangi hawahitaji mimi niwasifu. Anayeweza kupeleka kitu kwao apeleke. Ninachokataa ni ile imani kwamba barabarani ndiko pesa inakopotea na ofisini ndiko inakofika salama. GiveDirectly, shirika la Marekani lililojijengea jina kwa kuwatumia maskini pesa moja kwa moja kwenye simu, lilitangaza lenyewe mwaka 2023 kwamba karibu dola 900,000 zilizokusudiwa familia zaidi ya 1,700 za Kivu Kusini ziliibiwa, na wafanyakazi wake wa hapo walikuwa na mkono ndani yake, kupitia kadi za simu za walengwa. Walistahili sifa kwa kusema. Hata hivyo fikiria: dola 900,000 ni mia tano ngapi? Mwombaji wa Birere akikudanganya kwamba mtoto anaumwa, amekula chini ya robo dola yako, na umemwona uso.

Sasa kuna jambo ambalo naona halizungumzwi kabisa, nalo limeugeuza mjadala wote. Tangu benki zifungwe, pesa yetu imehamia kwenye simu. Mshahara ukija unakuja kwa simu, mkaa unalipwa kwa simu, hata sadaka ya Jumapili kuna makanisa yanayoipokea kwa simu. Kuzitoa taslimu kwa wakala kuna makato, kwa hiyo mtu anatoa kidogo iwezekanavyo na anachokitoa anakibana. Mwombaji akinyoosha mkono anajibiwa, “Mama, niko na pesa ya simu tu.” Na kwa kiasi kikubwa ni kweli! Yeye mwenyewe hana simu, au anayo na kadi imeandikishwa kwa jina la mtu mwingine. Mji mzima umepata njia ya kuzunguka shida ya noti, isipokuwa yule anayeishi kwa noti.

Noti nazo zimechakaa. Franka mpya haziingii kwa urahisi, zilizopo zimepita mikono mpaka zimekuwa kama vitambaa, na wauzaji wengi wanazikataa. Kongo hatuna sarafu za chuma. Noti ikioza, imeoza. Nilimwona bibi mmoja pembeni ya soko la Virunga akipewa mia tano iliyounganishwa kwa gundi katikati. Alishukuru, akainuka kwa shida, akaenda kwa muuza mandazi hatua kumi kutoka pale. Muuzaji akaiinua noti kwenye mwanga, akaigeuza, akamrudishia: “Koko, hii haitembei.” Bibi akarudi kukaa. Sidhani aliyempa alikuwa mkatili. Alikuwa na noti isiyokubalika popote, na mfukoni iliendelea kumkera. Lakini tunapohesabu tunavyowazoeza waombaji, tuhesabu pia ni ngapi kati ya noti tulizowapa zilikuwa pesa kweli.

Nimeahidi kuwapa wapinzani haki yao kuhusu watoto. Hapa nakubaliana nao, na kwa sababu nzito kuliko ya uvivu. Maibobo, mtoto wa barabarani, wa miaka tisa anayesema “Papa, nipe ata mia mbili” mara nyingi si yeye atakayeitumia mia mbili hiyo. Kuna mkubwa wake amesimama ng’ambo ya barabara, na jioni kuna hesabu. Akikosa anapigwa, akipata sana, kesho anadaiwa sana. Pesa mkononi mwa mtoto inamfanya awe na faida kwa mtu, na mtoto mwenye faida haachiwi aende. Ndiyo maana wanaowalea watoto hawa hutuomba mara kwa mara tusiwape pesa, na nadhani tuwasikilize. Wengi wa watoto hawa walifukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, jambo ambalo Katiba yetu ya 2006 inalikataza waziwazi katika kifungu cha 41, na sheria ya 2009 ya kumlinda mtoto inalirudia na kuliwekea adhabu. Mtoto wa namna hiyo anahitaji mtu wa kukaa naye na kumtafutia shangazi anayeweza kumpokea. Mkate ale mbele yako, hilo sawa. Noti, hapana.

Ugumu unakuja kwa mtoto anayemwongoza kipofu. Fimbo moja, ncha mbili: nyuma baba, mbele msichana wa darasa la tatu ambaye hayuko darasani. Shule ya msingi ya serikali imetangazwa kuwa ya bure tangu Septemba 2019, lakini baba hana macho mengine. Ukimpa, umelipia kutokusoma kwa mtoto. Ukimnyima, hawa wawili hawali jioni, na kesho asubuhi msichana atarudi kuishika fimbo ileile, kwa saa nyingi zaidi. Wanaokataa kutoa wanaona sehemu ya kwanza tu, sisi tunaotoa tunapenda kuona ya pili. Mimi huwa natoa, na huwa nampa baba mkononi, si mtoto. Sijui jirani yake ambaye angekubali kumwongoza kwa ujira ni nani, ingawa naamini yupo, na kwamba kulipa ujira huo kungegharimu parokia moja pesa kidogo kuliko semina moja.

Limebaki suala la idadi, maana ukitoka Katindo kwa miguu mpaka Birere utaombwa mara nyingi kuliko noti ulizonazo, na hakuna anayeweza kuwapa wote. Wafanyabiashara Waislamu wa Birere walilitatua zamani. Ijumaa wanatenga noti ndogo kwenye sanduku chini ya meza, waombaji wanapita kwa foleni, kila mmoja anapokea yake na kuondoka. Zikiisha zimeisha, anayechelewa anaambiwa aje wiki ijayo, wala hakuna anayetukanwa. Nilimuuliza mmoja wao, mzee anayeuza vitambaa, maoni yake juu ya kuwapa watu pesa barabarani. Akatikisa kichwa, akasema ni jambo baya sana, linawazoeza. Huku akizungumza alikuwa anahesabu noti za Ijumaa, anazitenga zilizochanika upande mmoja, ili azipeleke kwa mbadilishaji, hasara iwe yake yeye mzee.