Kabla ya kisu kufika zizini, pesa iwe tayari

Mfugaji anayegoma mbuzi wake wasichinjwe na serikali kwa sababu ya ugonjwa uliozuka kwa jirani huonekana mkaidi, au mtu asiyejua maana ya maambukizi. Kwa wafugaji wa Newala na Tandahimba, wilaya za Mtwara kusini mwa Tanzania, naona hukumu hiyo inatolewa haraka mno.

Nguvu za kuangamiza mifugo zimo katika Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, na wanaozitetea wana la kusema. Sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa virusi unaoambukiza haraka, ilithibitishwa kaskazini mwa nchi mwaka 2008. Februari 2009 mbuzi walionunuliwa mnadani Pugu, Dar es Salaam, waliletwa Newala, na watafiti waliofuatilia walihisi ndiyo njia ugonjwa uliyoingilia huku kusini. Wangegunduliwa na kuchinjwa wiki hiyo hiyo, huenda vijiji vingi visingeguswa. Kwa homa ya nguruwe ya Afrika hoja ina uzito zaidi, maana haina tiba na huweza kumaliza banda zima.

Lakini sotoka ya mbuzi ina chanjo, na mbuzi aliyechanjwa mara moja hukingika miaka kadhaa. Sotoka ya ng'ombe, iliyotangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani, ilimalizwa hasa kwa chanjo. Basi anayeuliza kwa nini mbuzi wake mzima, asiyeharisha wala kutoka kamasi, afe kwa kuwa tu analala karibu na zizi lenye ugonjwa, kakosea nini?

Waingereza waliuliza hayo hayo. Mwaka 2001, kwenye mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo, mifugo zaidi ya milioni 6 iliuawa kwao, mingi ikiwa haina ugonjwa. Chanjo ilikuwepo, ila kuitumia kungechelewesha nchi kurudi kwenye soko la nje. Botswana nayo, kuanzia 1995, iliua ng'ombe wapatao 320,000 wa Ngamiland kwa sababu ya homa ya mapafu. Ugonjwa ulikwisha, soko la nyama la Ulaya likaokoka, na fidia ikatolewa. Hata hivyo utafiti uliofuata ulikuta utapiamlo umeongezeka kwa watoto wa eneo hilo.

Mbuzi wa Tandahimba haendi Ulaya. Anaishia kwenye harusi, hitima au Idi, au anauzwa miezi ile ambayo pesa ya korosho imekwisha na ada inadaiwa. Soko la nje linalolindwa kwa kumuua silioni.

Kinachonisumbua zaidi ni kuficha. Mbuzi wa kwanza kuugua anaonwa na nani? Na mama au mtoto anayewafungulia asubuhi. Bwana mifugo ana vijiji kadhaa, hajui mpaka aambiwe. Mwenye mbuzi akishaamini kwamba kutoa taarifa kunaleta shimo la kufukia mbuzi bila pesa ya fidia, jioni hiyo hiyo atamwita mchuuzi, na pikipiki itaondoka na mbuzi wawili wa kupeleka Masasi. Wengine watahamishiwa kwa shemeji kijiji cha pili. Ugonjwa umepata usafiri, na uliosafirisha ni woga wa hatua ile ile iliyokusudiwa kuuzuia. Mlipuko unaofuata utaripotiwa kwa kuchelewa zaidi, kwa sababu watu wanakumbuka.

Na huku wana kumbukumbu ya ahadi. Novemba 2018 serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likazisomba, na wapo wakulima waliosubiri malipo hadi mwaka uliofuata. Korosho angalau ina stakabadhi ya ghala. Mbuzi aliyefukiwa ana nini?

Wapo wanaosema fidia nono itamfanya mtu alete ugonjwa makusudi. Inawezekana, ndiyo maana bei iwe chini kidogo ya ile ya mnadani. Hilo halihalalishi kutolipa.

Kwa mbuzi, ningependa sheria itamke kwamba chanjo inatangulia, na mnyama asiye na dalili hachinjwi bila kipimo. Kwa nguruwe wa Masasi nakubali kisu, mradi pesa iingie kwenye simu ya mwenye banda siku hiyo hiyo. Itoke wizarani, kwa sababu halmashauri inayotegemea ushuru wa korosho haiwezi kutenga mfuko wa kusubiri ugonjwa.