Faili la REC limefunguka, lakini limesomeka?

Aliyewahi kushika data za utafiti wa afya za miaka ya 2000 anaitambua folda hii: mafaili matatu yenye jina moja, moja likiishia na .QES (umbo la dodoso), la pili .REC (rekodi zilizoingizwa), la tatu .CHK (kanuni za kukagua majibu). Ni kazi ya EpiData Entry, programu ya bure ya kuingizia data kutoka Denmark. Leo mtu anataka kuyafungua kwa programu za takwimu kama Stata na R, au kwa EpiData Manager, ndugu mpya wa EpiData Entry, na swali lake la kwanza huwa ni programu ipi itayakubali. Kwangu hilo ndilo swali dogo kuliko yote. REC halina ukaidi wa kufunguka. Tabu ni kwamba hufunguka likiwa limesomwa nusu, na wala halipigi kelele.

REC ni maandishi matupu. Lifungue kwa Notepad++, bila kuhifadhi chochote, utaona juu idadi ya sehemu za kujazwa na maelezo ya kila sehemu, kisha rekodi zenyewe. Tazama mwisho wa mistari ya rekodi. Kwa kawaida kuna alama ya mshangao. Rekodi iliyofutwa huishia na alama ya kuuliza, kwa maana EpiData haiondoi kitu unapofuta. Inatia alama tu mpaka faili lisafishwe kwa amri ya Pack. Kwenye R, amri ya read.epiinfo ya kifurushi cha foreign huziacha rekodi hizo usipoiambia vinginevyo. Lakini kijana aliyejiandikia skripti yake ya kusoma maandishi hayo hajui habari ya alama ya kuuliza, na mshiriki aliyefutwa kwa kuwa dodoso lake liliingizwa mara mbili anafufuka. Mkikosana watano au sita kwenye idadi ya washiriki, anzieni hapo.

Kubwa zaidi ni CHK, ambalo watu hulitupa wakidhani ni takataka za programu. Ndani ya REC, jinsia ni 1 au 2 basi. Nani kasema 1 ni mwanamume? CHK ndilo linalosema, pamoja na mipaka ya majibu, miruko ya maswali, na thamani zinazomaanisha "hakuna jibu". Pale penye MISSINGVALUE 99 kwenye umri, ukisoma REC peke yake utapata wazee wa miaka 99 wamejaa kijiji kizima, na wastani wa umri unapanda bila sababu. R haisomi CHK. EpiData Manager hulisoma likiwa folda moja na REC na jina lilelile, ila si kila amri inahamia; masharti ya IF usiyategemee. Na kwenye Linux kumbuka kwamba herufi kubwa na ndogo hutofautishwa, kwa hiyo UTAFITI.REC na utafiti.chk hayahesabiwi kuwa na jina moja. Lililo jema ni kwamba CHK nalo ni maandishi, kwa hiyo hata programu zote zikigoma, macho yanatosha kulisoma.

Ndiyo maana nashauri kuanza na programu ileile iliyozaa faili. EpiData Entry 3.1 bado inakubali kuwaka kwenye Windows 10. Nakili folda nzima, fanyia kazi nakala, andika idadi ya rekodi pamoja na zilizofutwa, toa Codebook kwenye menyu ya Document uihifadhi kama maandishi, kisha ndipo utoe faili la Stata toleo la 8. Stata mpya hufungua mafaili ya Stata ya zamani. Kinyume chake ndicho hakiwezekani, na aliye na toleo la 13 hawezi kufungua kilichohifadhiwa kwa toleo la 14 mpaka mwenzake atumie amri ya saveold.

Toleo hilo la 14, la mwaka 2015, lilileta pia Unicode, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote. Kiswahili kinatupa nafuu kwa sababu hakina herufi zenye vikofia, hadi pale ritifaa ya ng'ombe iliponakiliwa kutoka Word, au majina ya wagonjwa wa Burundi na Kongo yenye é. Hapo huonekana alama za ajabu. Dawa yake ndani ya Stata: funga data kwa clear, endesha unicode analyze juu ya faili, weka unicode encoding set "windows-1252", halafu unicode translate.

Mafaili ya Epi Info 6, programu iliyoitangulia EpiData, ni ya enzi za DOS. Programu yake haiwaki kwenye Windows ya biti 64 bila DOSBox, programu inayoiga DOS, lakini REC zake zinasomeka kwa njia hizohizo. Cha kuangalia ni tarehe zenye mwaka wa tarakimu mbili. Bibi aliyezaliwa 38 anaweza kugeuka mtoto wa 2038 ambaye hajazaliwa. Kwenye Stata, taja mwaka wa juu kabisa unaowezekana ndani ya date(), mfano date(dob,"DMY",2004). Kwenye R kuna guess.broken.dates, na neno guess walilichagua kwa haki: inakisia.

Njia ya CSV kupitia Excel siipendi hata kidogo. Kitambulisho 0045 kinakuwa 45, namba ya simu inapoteza sifuri ya mbele, na 03/04/2004 inasomwa kwa mpangilio wa kompyuta iliyopo mezani, si wa dodoso.

Zimebaki sehemu zilizofungwa kwa neno la siri, aghalabu majina na anwani. Hizo zikisomwa kwa R hutoka herufi zisizo na maana, na bila neno hilo hakuna toleo jipya litakalozifungua. Mpigie simu aliyekuwa meneja wa data kabla hajabadilisha namba.