Tuliozoea Kurudishiwa Pesa Ndio Wepesi wa Kutapeliwa Desemba

Kila Novemba, msimu wa punguzo za Black Friday ukianza, sisi tunaoishi Uingereza huwaonya ndugu zetu walioko Kenya: msinunue vitu mtandaoni ovyo, mtaliwa. Naona onyo hilo tunawapa wasiolihitaji sana. Mnunuzi wa Kenya anajua kwamba pesa ikishatoka kwenye M-Pesa imekwenda. Kwa hiyo anauliza maswali mpaka muuzaji achoke, anaomba video ya bidhaa ikiwashwa, anataka alipe mzigo ukiwa mlangoni. Aliyeko ughaibuni ndiye aliyezoea kubonyeza na kwenda kulala, kwa kuwa mambo yakiharibika benki humfuta machozi. Mtoe nje ya kinga ya benki uone: tahadhari yake haifiki nusu ya ile ya nduguye.

Na kinga yenyewe ina mipaka ambayo wengi wetu hatujaisoma. Ukinunua kwa kadi ya mkopo, Kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji, mradi bei ya kitu izidi pauni 100 na isizidi pauni 30,000. Hesabu ni ya kitu kimoja, si ya kikapu kizima. Ukinunua koti la pauni 70 na viatu vya pauni 60, risiti inasoma 130 lakini kifungu hicho hakikuhusu. Upande mwingine kina ukarimu usiotarajiwa: hata ukilipa arbuni tu kwa kadi hiyo na salio kwa njia nyingine, bei yote imekingwa. Kinachokivunja mara nyingi ni mtu wa kati. Ukitumia kadi kununua vocha au kujaza pochi ya mtandaoni, kisha pochi ndiyo imlipe muuzaji, kampuni ya kadi inaweza kukwambia kwamba haikumlipa muuzaji huyo.

Kadi ya kawaida ya benki (debit) haina kifungu hicho. Unachoweza kufanya ni kuiomba benki yako iidai pesa kutoka benki ya muuzaji kwa kanuni za Visa au Mastercard, kwa kawaida ndani ya siku 120. Huo ni utaratibu wa kampuni za kadi tu. Ukichelewa, huna sheria ya kuegemea.

Matapeli wanayajua haya kuliko sisi. Ndiyo maana ukifika mahali pa kulipia, kadi "ina hitilafu kwa sasa", ila ukihamisha pesa kutoka akaunti yako unapunguziwa asilimia 10. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki za Uingereza zinalazimika kumrudishia mteja aliyedanganywa akahamisha pesa, hadi pauni 85,000, na benki iliyotuma na iliyopokea hugawana hasara nusu kwa nusu. Lakini benki inaweza kukata hadi pauni 100 za mwanzo, na kwa manunuzi mengi ya sikukuu hiyo 100 ndiyo karibu hasara yote. Halafu programu ya benki inapokwambia jina ulilojaza halilingani na la mwenye akaunti nawe ukaendelea, umeipa benki hoja ya kusema ulizembea kupita kiasi.

Kenya haina kanuni ya kuilazimisha benki au kampuni ya simu ikulipe kwa sababu ulidanganywa. Kutuma ujumbe wa muamala wa M-Pesa kwenda 456 kuomba pesa irudishwe ni kwa aliyekosea nambari. Utaratibu huo haukuwekwa kwa aliyeuziwa boksi lenye matofali, na kama mpokeaji ameshatoa pesa kwa wakala, hakuna cha kurudisha. Kinga iliyopo iko kabla ya kulipa, nayo ni jina linalotokea kwenye skrini kabla hujathibitisha. Duka linalojitangaza kwa jina la kibiashara lenye mbwembwe, halafu linakupa nambari ya simu ya mtu binafsi "kwa sababu till (nambari ya M-Pesa ya biashara) inasumbua leo", limeshajieleza. Hata likikupa till, soma jina: lisipofanana na la duka, uliza, na jibu likichukua zaidi ya sentensi moja, ghairi.

Hatari kubwa zaidi iko katikati ya nchi hizi mbili, tunapowanunulia wazazi friji au tangi la maji tukiwa mbali. Unaona tangazo la muuzaji wa Kenya, unafungua programu ya kutuma pesa, unampelekea moja kwa moja kwenye M-Pesa yake. Katika tendo hilo moja umeziacha kinga zote. Kanuni ya 2024 inahusu malipo ya ndani ya Uingereza, na hizo zimevuka mpaka. Kifungu cha 75 kimekatika, kwa kuwa uliyemlipa ni kampuni ya kutuma pesa, nayo kazi yake imeifanya: pesa imefika kwa jina uliloandika. Na wewe uliyezoea kadi hukuomba hata video.

Njia iliyo salama zaidi ni kumtumia ndugu yako pesa, si muuzaji. Mpatane kwamba mzigo unalipiwa ukishakaguliwa. Nauli ya usafiri ilipwe kando, kiasi ambacho ukikipoteza hutakosa usingizi. Ndugu afungue boksi mbele ya aliyeleta, achomeke friji, asikie mashine inanguruma, alinganishe nambari ya bidhaa iliyobandikwa nyuma na ile ya kwenye karatasi ya dhamana, ndipo alipe kwenye till na kusubiri ujumbe wa M-Pesa. Muuzaji akikataa masharti hayo, tafuta mwingine. (Ndugu naye anaweza kuzila hizo hela, lakini hilo ni suala la familia na halina nambari ya huduma kwa wateja.)

Kwa manunuzi ya huku huku Uingereza, jifunze kusoma anwani ya tovuti kutoka kulia. Tazama maneno yaliyo kabla tu ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina la tovuti: hapo ndipo panapotaja mwenye tovuti, na jina la duka maarufu likikaa mwanzoni ni pambo tu. Kufuli dogo kwenye kivinjari linamaanisha mawasiliano yamefichwa njiani. Halisemi kama unayewasiliana naye ni mwizi. Angalia pia tovuti ilisajiliwa lini. Duka linalodai lina wateja wa miaka mingi huku anwani yake ina wiki tatu halihitaji uchunguzi zaidi.

Kuna hila ya nambari ya kufuatilia mzigo ambayo watu huigundua wakiwa wamechelewa. Tapeli anatuma kweli kifurushi, lakini ni bahasha nyepesi, na inakwenda kwenye nyumba nyingine katika mji wako. Mfumo unaonyesha "umefikishwa", naye anaupeleka benki kama ushahidi. Iandikie kampuni ya vifurushi uombe uzito uliorekodiwa na uthibitisho wa mahali ulipofikishwa. Runinga ya kilo 12 haiwezi kuwa na uzito wa gramu 40.

Ujumbe wa kwamba kifurushi chako kimezuiwa mpaka ulipie pauni moja na senti hautafuti hiyo pauni. Unatafuta nambari za kadi, na mara tu baada yake tarakimu za siri ambazo benki inakutumia. Soma ujumbe wa tarakimu hizo mpaka mwisho, maana mara nyingi benki imeandika wazi kwamba ni za kuingiza kadi yako kwenye simu mpya. Ukizitoa, tapeli ananunua dukani kwa simu yake, na muamala unaonekana umeuidhinisha mwenyewe. Ujumbe wa namna hiyo upeleke 7726 ukiwa Uingereza. Kwa laini ya Safaricom, 333.

Ukishaliwa, saa ya kwanza ina thamani kuliko wiki inayofuata. Uingereza piga 159 uunganishwe na benki yako, nyingi zimo kwenye huduma hiyo. Kenya, ipigie kampuni ya simu kwanza, kabla hujaanza kugombana na muuzaji: ukimtisha, unamkumbusha kutoa pesa. Piga picha za tangazo, anwani yote ya tovuti na mazungumzo yote kabla hajakufungia, maana tangazo la Desemba huwa limefutwa ifikapo Januari, na anayeshughulikia malalamiko yako atakuomba hilo hilo.