Mbwa Yuko Tukuyu

Kundi la WhatsApp limefunguliwa tena. Ahadi ya harusi haijakamilika, kipaimara kinabisha hodi, msiba wa Uyole umeacha deni la turubai, na asubuhi hii: "Safari ya kayaki Ziwa Nyasa, Matema hadi Lupingu, siku nne, kuchangia chanjo ya mbwa na matibabu ya punda. Shilingi elfu moja kwa kila kilomita." Chini yake makofi kumi na saba. Muamala hakuna hata mmoja.

Mchango wa kilomita, jamani. Harusi angalau ni singo au dabo, unajua unakufa kifo gani. Hapa unasubiri mtu mwingine achoke ndipo ujue deni lako. Kilomita tano kwa saa ni mwendo wa kawaida wa kayaki, ule mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, ukiwa na mzigo. Saa tano kwa siku, 25. Mara siku nne, laki imeondoka. Unajikuta unaomba dua mbaya: Mungu, asizame, achelewe tu.

Wa kumchelewesha yupo. Anayelijua ziwa haondoki kati ya Mei na Agosti, maana kusi likivuma, mawimbi yana uwanja wa zaidi ya kilomita 550 wa kukimbilia, yanafika Matema yakiwa na hasira za safari nzima. Novemba hadi Aprili ni mvua ya Kyela, tusielezane. Inabaki Septemba na Oktoba, na hata hapo unaingia majini saa kumi na moja na nusu alfajiri ili saa tano uwe nchi kavu, kabla ziwa halijabadili uso. Nchi kavu yenyewe iko wapi? Ukishaiacha Matema, Milima ya Livingstone imeshuka mpaka majini, fukwe za kuvutia chombo ni za kuhesabu. Ukiupita mmoja kwa kuwa bado una nguvu, unaofuata unaukuta huna. Ukisema ukae mbali na mawe uende katikati, huko wakubwa wa nchi mbili bado wanazungumza mpaka, usiwaongezee ajenda.

Haya, mizigo. Kwenye picha kayaki ni ndefu, karibu mita tano, mtu anaona humo anahamia na kabati. Upana ni kama sentimita 60, na mdomo wa kuingizia vitu ni wa mviringo, mdogo kuliko wa ndoo ya lita 10. Sufuria ya wali wa watu wanne inagoma hapohapo. Mchele wa Kyela kilo tano ukiuacha kwenye mfuko wake unagoma pia. Unaugawa katika vifuko virefu vyembamba vya kilo mojamoja, kama soseji, unavisukuma kimoja kimoja. Vizito vyote vinalala chini kabisa, jirani na kiti. Ukivirundika tezini, yaani nyuma, omo ya mbele inanyanyuka, upepo wa ubavuni unaishika kama bango la mgombea, na siku nzima unapiga kafi upande mmoja tu kurudisha chombo njiani. Maji ni lita nne kwa mtu kwa siku, yaani kilo 16 za kichwa kimoja kwa safari nzima. Hakuna anayezibeba, unabeba ya siku moja, mengine unachota ziwani mbali na matete na kuyachemsha. Kwenye matete kuna konokono, na konokono ana kichocho kinachoingia kwa ngozi bila hodi. Na midomo ya mito ina mamba. Hapo hatutanii.

Lakini yote hayo ni mteremko. Mlima ni sketi.

Tundu la kukalia hufunikwa kwa kitambaa kizito kinachovaliwa kiunoni na kubana ukingo pande zote, wimbi lisiingie. Jina lake ni sketi. Walioliita hivyo hawakuwaza Lyulilo, kijiji jirani na Matema, siku ya Jumamosi, gulio la vyungu limefurika, na mwanaume mzima, baba wa watoto watatu, mwenyekiti wa jumuiya, amesimama mchangani na kitu cheusi kinaning'inia mbele kama ulimi.

Atakuja mama. Siku zote mama yupo. Ana vyungu vyake vitatu vya Ikombe, anavipanga taratibu, macho kwako.

"Ndaga, baba. Umevaa nini hicho?"

"Sketi, mama. Ya kuzuia maji."

"Na suruali?"

"Iko ndani."

"Aa. Yenyewe haizuii?"

Unaketi kwa heshima, kama mtu aliyetumwa na wanyama wa nchi nzima. Sketi huanzia nyuma: unapachika mpira wake kwenye ukingo nyuma ya mgongo, unaubana kwa viwiko, unainama kuvuta mbele. Viwiko vikilegea kidogo, nyuma inachomoka. Paf! Unaanza upya. Unavuta mbele, paf! Dawa ni kulowesha ukingo na kuegemea nyuma, lakini nani anakumbuka dawa akitazamwa?

"Mwanangu, unavaa au unavuliwa?"

Mbele ikishika, unahakikisha kitanzi kiko nje, ndipo unamalizia ubavuni. Kitanzi nje, kila mara. Chombo kikipinduka uko kichwa chini, na hicho ndicho mlango: unakishika, unasukuma mbele, unavuta, sketi inabanduka, unatoka. Wengi hukisahau ndani, ndiyo maana hujaribiwa kwanza kwenye maji ya kifuani, jaketi okozi limefungwa na mtu kasimama pembeni. Unamweleza mama haya yote. Anasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo unajifunga maji yasiingie, na ukishaingia wewe kwenye maji, unajifungua."

"Ndiyo, mama."

"Mtumbwi wa mume wangu hauna sketi. Ukijaa anatoa kwa kopo." Anageuza chungu. "Mnakwenda kuvua?"

"Hapana. Tunachangia mbwa. Wachanjwe kichaa."

"Mbwa yuko humo?"

"Hapana, mama. Hawa wa kuanzia wako Tukuyu."

Mama anainua mkono, anaonyesha juu ufukweni. "Hiace ya Tukuyu si hiyo hapo, inapakia?"

Sasa mnataka ajibiwe nini? Mtu kavaa sketi, uso unaelekea Lupingu, mbwa yuko nyuma mlimani. Na mbwa mwenyewe si mzaha. Ili kichaa kikatike inatakiwa wachanjwe asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na chanjo inataka ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, kwa umeme huuhuu tunaoujua. Ikifika, mwenye mbwa anamficha jikoni eti akichomwa atapoa ukali. Ukali wa nini? Mbwa anayembwekea mwenye nyumba na kumtikisia mkia mwizi! Halafu mtoto akiumwa na mbwa, ndipo tunakimbizana kutafuta sindano za mtoto, bei yake hakuna anayeipigia makofi kwenye kundi.

Basi kwa aibu unanunua chungu. Kimoja, kile kikubwa. Mama anakifunga kwa majani ya mgomba, anakutakia safari njema, na unakumbuka mdomo wa ndoo ya lita 10. Hakiingii omo, hakiingii tezi. Mapajani, chini ya sketi, mpira haufiki tena mbele. Inabidi kipandishwe Hiace. Na konda, bila haya, anadai nauli ya mtu mzima kwa sababu kimekaa kiti cha mbele, wakati juzi tu gunia la viazi na mwenye gunia walilipa nauli moja, tena kwa kuelewana. Ukiuliza, anakwambia chungu hakisimami. Kwani abiria wa nyuma, wale wanne walioinama, wao wana cheti cha kusimama?