Vyama Vilivyozaliwa Bila Kibali

Nilipopata uraia wa Marekani na kujaza fomu ya kujiandikisha kupiga kura hapa Philadelphia, nilifika kwenye kipengele kinachouliza chama changu, nikasita. Utotoni kwangu Morogoro, chama kilikuwa kadi ya kijani ambayo mjomba aliihifadhi katika mfuko wa nailoni pamoja na hati ya kiwanja, na siku ya kulipia ada aliitoa taratibu kana kwamba ingepasuka. Huku sikuombwa ada wala picha. Nilitakiwa kutia alama kwenye kisanduku, na kimojawapo kilikuwa cha wasio na chama.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma jinsi vyama vya huku vilivyoanza, na nimefikia maoni ambayo mjomba hakubaliani nayo: vya kwao vilitokana na ugomvi uliokuwapo tayari, ilhali vingi vya kwetu vilipata kibali kwanza ndipo vikatafuta cha kugombania.

Katiba iliyoandikwa katika mji huu mwaka 1787 haitaji chama hata mara moja, kwa kuwa walioiandika waliviona vyama kuwa maradhi. George Washington alichaguliwa bila chama, na ufa ulianzia ndani ya baraza lake mwenyewe la mawaziri. Mwaka 1790 Waziri wa Fedha, Alexander Hamilton, alitaka serikali kuu ibebe madeni ya majimbo yote yaliyotokana na vita vya uhuru na kulipa hati za deni kwa thamani kamili. Hapo ndipo palipouma. Askari aliyepewa karatasi badala ya mshahara, akaiuza kwa bei ya kutupa kwa sababu nyumbani hapakuwa na chakula, sasa angeshuhudia mlanguzi wa mjini akilipwa kila senti. James Madison, ambaye alikuwa ameandika bega kwa bega na Hamilton kuitetea Katiba, alipendekeza wauzaji wa kwanza nao wapate sehemu yao, akashindwa. Suala la madeni ya majimbo lenyewe lilimalizwa kwa mapatano yaliyohusishwa na chakula cha jioni nyumbani kwa Thomas Jefferson, New York: madeni yabebwe, na makao makuu yahamie kando ya mto Potomac.

Ikafuata Benki ya Taifa mwaka 1791, ambayo jengo lake lenye nguzo bado limesimama Mtaa wa Tatu. Jefferson, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alimwajiri mshairi Philip Freneau kama mfasiri kwa dola 250 kwa mwaka, na mfasiri huyo akaanzisha gazeti la kumshambulia Hamilton. Kwa maneno mengine, waziri alikuwa akimlipa mshahara wa serikali mtu anayeibomoa sera ya serikali. Mapinduzi ya Ufaransa yalipowagawa watu zaidi, pande hizo mbili zikawa na majina, Wafederalisti na Warepublikani (si Warepublikani wa leo), bila ofisi yoyote kuwasajili.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 ilidai wanachama 200 katika kila mkoa kwa mikoa isiyopungua kumi, Unguja na Pemba zikiwamo. Siibezi sheria hiyo, kwa sababu ilituepusha na vyama vya kabila na dini. Hata hivyo Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu mfumo wa vyama, ilikuwa imekuta kwamba walio wengi walitaka chama kimoja kiendelee, na mfumo mpya ukaja kutoka juu. Mwalimu Nyerere alikuwa amehoji kwamba vyama vya Ulaya na Marekani vilitokana na matabaka ambayo sisi hatukuwa nayo. Nadhani alikuwa sahihi nusu. Vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, mkulima wa pamba na wa kahawa alikuwa na ugomvi halisi wa fedha, unaolingana kabisa na ule wa askari mwenye karatasi. Alichokosa ni mahali pa kuupeleka.

Washington naye aliviogopa vyama, na katika waraka wake wa kuaga wa Septemba 1796 aliwaonya wananchi dhidi ya moyo wa vyama. (Miezi minne kabla, Ona Judge, mwanamke aliyekuwa mtumwa wa familia yake, alitoroka kutoka nyumba ya rais hapa mjini, ugomvi wa vyama haukumhusu yeye.) Lakini alionya tu, hakupiga marufuku. Wafederalisti waliojaribu kufunga midomo ya wapinzani kwa sheria, mwaka 1798, walimfunga mbunge Matthew Lyon wa Vermont, naye akachaguliwa tena akiwa gerezani.

Mjomba huniambia kwenye simu kwamba vyama vinagawa watu. Humjibu kwa habari ya mwaka 1801, Baraza la Wawakilishi lilipopiga kura mara 36 kabla ya kumpata Jefferson, na Rais John Adams aliyeshindwa akapanda gari la farasi saa kumi alfajiri ili asione mwenzake akiapishwa. Mjomba hucheka na kuuliza kama Adams alirudisha kadi. Mimi nilitia alama kwenye kisanduku cha wasio na chama, na kwa sheria ya Pennsylvania sipigi kura za maoni za kuteua wagombea wa vyama. Jambo hilo mjomba bado analiona kuwa uzembe wangu mwenyewe.