Ada Siyo Gharama Yote ya Chuo

Mzee wa Wete, Pemba, akitaka kumpeleka mwanawe chuo kikuu Tunguu, Unguja, cha kwanza anachouliza ni ada. Hupewa karatasi yenye kiasi na awamu za kulipa. Yasiyoandikwa humo ndiyo yanayowarudisha vijana Pemba bila cheti: nauli ya boti ya Mkoani hadi bandari ya Malindi, Unguja, kodi ya chumba anayoitaka mwenye nyumba ya miezi kadhaa mbele pale dahalia inapokosekana, daladala kwenda na kurudi, chakula, bando, nauli za fildi (mafunzo ya vitendo), kuchapisha na kujalidi utafiti wa mwaka wa mwisho.

Wapo wanaosema chuo hakilipi tena. Mwenye digrii yupo barazani anasubiri tangazo la ajira, na mwenzake aliyesomea upishi Maruhubi kwa ngazi ya cheti yupo hotelini Nungwi anapokea mshahara. Hoja hii ina uzito, maana Unguja inaendeshwa na utalii, na miaka mitatu ya darasani ni miaka mitatu bila kipato. Hiyo nayo ni gharama, ingawa haina risiti.

Upande wa pili nao una lake. Kazi ya hoteli hufuata msimu. Corona ilipozuia ndege mwaka 2020, wengi walirudishwa nyumbani. Serikalini mshahara na kupanda daraja hufuata kiwango cha elimu, na huwezi kuwa daktari kwa uzoefu tu.

Kinachonisumbua ni kuwa pande zote mbili zinawalinganisha waliomaliza. Aliyeishia mwaka wa pili hatajwi, na huyo ndiye aliyepata hasara kubwa kuliko wote: pesa ya wazee imekwenda, cheti hana, na kama alikopa, deni linamsubiri. Mara nyingi hakushindwa na masomo. Anadaiwa ada, vyuo vingi havimruhusu mwenye deni kuingia mtihani, anaahirisha, na kuahirisha kunaongeza kodi na chakula cha mwaka mwengine. Deni dogo la muhula mmoja linakula mwaka mzima wa mtu. Inaniuma zaidi kwa watoto wa wakulima wa karafuu. Mkarafuu huzaa sana mwaka mmoja kisha ukapumzika, na kalenda ya chuo haina habari hiyo.

Elimu bila malipo ilitangazwa hapa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, na kwa elimu ya juu tunayo Bodi ya Mikopo iliyoanzishwa kwa sheria ya 2011. Mkopo umewafikisha wengi wasiokuwa na njia nyengine, hilo halina ubishi. Lakini bumu, yaani pesa ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo, likichelewa, mwanafunzi aliyepanga chumba hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo siwezi kumwambia mzazi kwamba chuo kinalipa au hakilipi. Namwambia aulize, kabla ya ada: kati ya walioingia kozi hii pamoja, wangapi walimaliza kwa wakati, na mwaka mmoja baadaye wako wapi? Vyuo vina majina hayo kwenye madaftari yao. Viyabandike majibu kwenye fomu ileile ya kujiunga, chini ya kiasi cha ada, na mwanafunzi mwenye deni aruhusiwe kufanya mtihani, azuiliwe cheti mpaka alipe.