Njiro au Usa River: nyumba ya kuhamia leo na kuipangisha baadaye

Mtu anayetafuta nyumba pembezoni mwa Arusha, kwa nia ya kukaa humo na familia miaka kadhaa kisha aipangishe, huanza kwa kuulizia bei, na bei humpeleka haraka Usa River, mji mdogo ulio mbele ya Tengeru kwenye barabara ya Moshi, kwa sababu fedha inayopata kiwanja kidogo Njiro, mtaa wa jijini Arusha, hupata kule eneo la kutosha migomba, banda la kuku na uwanja wa watoto kukimbia. Kwa mkaaji hoja hiyo ina uzito, hasa tangu barabara ya Sakina hadi Tengeru ilipopanuliwa kuwa ya njia nne.

Mpangaji, hata hivyo, halipii migomba. Anachouliza kwanza ni umbali kutoka lami na nauli ya daladala, kisha maji. Katika miteremko ya Mlima Meru swali la maji si dogo: visima na chemchemi nyingi zina madini ya floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya wenyeji wengi ni ushahidi usiohitaji maabara. Kisima ambacho muuzaji anakisifu kama neema kinastahili kupimwa kabla ya malipo, kwani watakaoanza kunywa maji yake ni watoto wa mnunuzi.

Njiro ina sifa ya kupata wapangaji, lakini sifa hiyo isipokelewe bila tahadhari. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilipofungwa mwishoni mwa 2015, wenye nyumba waliotegemea mishahara ya watumishi wake walilazimika kutafuta wapangaji wengine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ingalipo mjini, ila jumba la vyumba sita bado lina wateja wachache kuliko nyumba ya vyumba vitatu ambayo daktari au mwalimu anaimudu. Tena kodi ya pango haipandi sambamba na bei ya ununuzi; ukishatoa kodi ya zuio (asilimia 10 ya pango inayokatwa kwa ajili ya serikali), malipo ya dalali, rangi mpya na miezi ya nyumba kukaa tupu, faida ya Njiro hupungua sana.

Kwa maoni yangu, ukubwa wa nyumba na ukaribu wake na lami vina uzito kuliko jina la mtaa, na ningechukua nyumba ndogo ya Usa River iliyo kando ya barabara kabla ya jumba la Njiro la mkopo mzito. Lipo jambo moja ambalo wanaume wengi hulisahau: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya ndoa haijapangishwa, na mama aliyeipalilia migomba yake kwa miaka sita huenda asiitoe.